Wiki sita za kusanifiwa usalama wa SACCOS yetu, Tukuyu: tathmini ya huduma ya uhandisi wa mifumo

Mwaka jana bodi ya SACCOS ninayoitumikia hapa Tukuyu iliajiri ofisi ya wahandisi washauri kutoka Mbeya mjini ili itusanifie upya usalama wa mfumo wetu wa akiba na mikopo. Ofisi hiyo sitaitaja kwa jina, kwa sababu baadhi ya nitakayoyaeleza ni mapungufu na malipo ya mwisho bado hayajakamilika. Huduma yenyewe, hata hivyo, ninaweza kuieleza kwa kina, kwani mimi ndiye afisa TEHAMA niliyekaa na wahandisi hao kwa wiki zote sita, tangu kikao cha kwanza hadi siku ya majaribio. Ninawaandikia wenzangu wa vyama vya ushirika vya Rungwe, Mbozi, Njombe na Mufindi, ambao kila mara wanaletewa orodha ndefu za vifaa vya usalama bila kuelezwa kila kifaa kinamzuia nani asifanye nini.

Inafaa nianze na tulikotoka. Miaka mitatu kabla ya hapo, muuzaji mmoja wa vifaa alitufungia kamera nane, fayawoli, yaani kifaa cha kuchuja mawasiliano yanayoingia na kutoka kwenye mtandao, na programu ya kuzuia virusi katika kompyuta zetu zote tano. Kila kifaa kiliwaka na kufanya kazi kama alivyoahidi. Lakini kati ya kamera hizo nane, sita zilielekezwa getini, uani na penye maegesho ya pikipiki, mbili zilitazama ukumbi wa kusubiria, na hakuna hata moja iliyoiona meza ya keshia, mahali ambapo fedha za wanachama hubadilisha mikono. Kisha radi ya masika ikaunguza ruta, kifaa kilichokuwa kikiziunganisha kompyuta na intaneti. Ili kazi isisimame, tukaziunganisha kompyuta moja kwa moja na modemu ya laini ya simu, na kwa siku kumi na moja fayawoli ikabaki rafuni ikiwaka taa zake za kijani huku hakuna hata herufi moja iliyokuwa ikipita ndani yake. Tulikuwa tumenunua vifaa, wala hapakuwa na mtu aliyekuwa ameketi kufikiri jinsi vifaa hivyo, watu, umeme, mvua na taratibu zetu vinavyoshikana.

Safari hii zabuni zilizofika mezani zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa tena orodha ya vifaa, shilingi 23,000,000. Ya pili ilidai shilingi 9,500,000 kwa kazi ya wiki sita, bila kifaa hata kimoja ndani yake. Mzee mmoja katika bodi aliuliza swali ambalo nadhani kila bodi italiuliza: tutawaambia nini wanachama kwenye mkutano mkuu, kwamba tumenunua makaratasi? Mhandisi kiongozi, dada mtulivu ambaye kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi kwenye miradi ya maji, alimjibu kwa heshima kwamba fundi anayekuja na matofali kabla ya kuuliza nyumba ni ya nani na itajengwa kwenye udongo gani ndiye wa kuogopwa. Bodi ikapiga kura, na zabuni ya pili ikapita.

Wiki ya kwanza hakuna aliyegusa kompyuta. Waliwakutanisha meneja, wajumbe wa bodi na wa kamati ya usimamizi, keshia, mlinzi wa usiku na wanachama watatu, wakawauliza swali moja tu: ni hasara zipi ambazo chama hiki hakiwezi kuzivumilia? Majibu ya awali yalikuwa ya kawaida, yaani wizi wa fedha, kupotea kwa kumbukumbu za hisa, na kunyang'anywa leseni ambayo tunaishikilia chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kisha mlinzi, ambaye muda wote alikuwa amekaa kimya karibu na mlango, akasema kwamba hasara anayoiogopa yeye ni watu wa nje kujua nani amechukua fedha nyingi leo, kwa sababu mwanachama huyo atatembea peke yake hadi kijijini kwenye njia ya migomba. Ukumbi ulinyamaza. Katika miaka yote niliyohudumu hapa, nilikuwa nimeandika usiri wa taarifa kama kipengele cha sera, na tangu ilipopitishwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nilikuwa nimekihesabu kuwa ni suala la fomu na usajili. Siku hiyo nilikiona kuwa ni uhai wa mtu.

Hapa niseme jambo kuhusu lugha yetu, kwa kuwa liliisaidia kazi hii kuliko nilivyotarajia. Wazungumzaji wa Kiingereza wana maneno mawili, moja la kujikinga na ajali na jingine la kujikinga na adui, na taaluma zao mbili zimekua mbalimbali kwa miongo mingi. Sisi tuna neno moja, usalama, na mlinzi wetu alilitumia lote kwa pamoja bila kulikata vipande. Huko ndiko uhandisi wa mifumo, yaani taaluma ya kusanifu vifaa, watu na taratibu kama kitu kimoja, unakoelekea kwa sasa. Nancy Leveson wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts alijenga njia yake ya uchambuzi kwanza kwa ajili ya ajali za mitambo na vyombo vya anga, na baadaye William Young akashirikiana naye kuitumia dhidi ya mashambulizi. Kwa mtazamo wao, hasara hutokea pale udhibiti unaposhindwa kufanya kazi, awe aliyesababisha ni adui au ni uchovu wa mtu wa jioni.

Mwongozo mkuu ambao wahandisi wetu waliutumia ni ule wa Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, namba 800-160, uliotolewa mwaka 2016 na kuandikwa upya mwaka 2022, ambao umejengwa juu ya kiwango cha kimataifa cha ISO 15288 kinachoeleza hatua za maisha ya mfumo tangu kubuniwa hadi kustaafishwa. Mwongozo huo unapatikana bure, ingawa ni mzito kusoma. Wazo lake la msingi ni kwamba usalama ni sifa inayojitokeza katika mfumo mzima, kama vile uimara wa daraja usivyokaa kwenye nondo moja wala kwenye mfuko mmoja wa saruji. Kwa hiyo usalama husanifiwa pamoja na mfumo wenyewe, kwa mahitaji yaliyoandikwa, yanayopimika, na yanayoweza kufuatiliwa kutoka kwenye hasara hadi kwenye kitasa cha mlango.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuchora mipaka, na ndiyo iliyonifundisha zaidi. Mchoro wangu wa zamani ulikuwa na kompyuta tano, seva, ruta na wingu dogo lililoandikwa intaneti. Mchoro wao ulikuwa na simu ya kazi ya meneja, droo ya keshia, daftari la wageni, pikipiki inayopeleka fedha benki, na umeme wa TANESCO ukiwa nje ya mipaka lakini umeunganishwa kwa mshale mnene, pamoja na swali pembeni: ukikatika, ni udhibiti upi unaozimika pamoja nao?

Wiki ya pili mhandisi mwingine, kijana wa kike aliyehitimu si muda mrefu, alikaa dirishani na keshia wetu kwa siku tatu mfululizo. Asubuhi ya kwanza alimwamkia, shikamoo mama, naye akaitikia marahaba mwanangu, akamsogezea kigoda na kumwomba tu asiikaribie droo ya fedha. Ilipofika saa tano, mwanachama alikuja kuchukua mkopo wa shilingi 3,400,000. Programu ikadai idhini ya pili, ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu ya meneja, utaratibu ambao mimi mwenyewe niliuweka na kuuripoti kwa bodi kama kinga yetu kubwa. Mama akafungua droo, akatoa simu ndogo ya kitochi, akasoma tarakimu sita, akaziandika, na mkopo ukapita.

"Mama, meneja yupo?" mhandisi akamuuliza taratibu.

"Ameenda Mbeya kikaoni, mwanangu. Simu ya kazi huniachia, maana wanachama wanatoka mbali, hawawezi kusubiri hadi jioni."

Hakuna aliyemlaumu, na hilo naliweka kwenye sifa za kwanza za huduma hii. Mtaalamu wa kawaida angeandika kwamba mtumishi amekiuka sera. Wao waliandika kwamba mfumo unamlazimisha mtumishi mwaminifu kuchagua kati ya sera na mwanachama aliyetembea saa mbili, na kwamba usanifu wa namna hiyo una kasoro. Kisha wakaipitisha idhini ya mkopo katika maswali manne ya njia ya Leveson: nini hutokea idhini isipotolewa pale inapotakiwa, nini hutokea ikitolewa isipostahili, nini hutokea ikitolewa mapema mno, ikichelewa au ikiruka mpangilio, na nini hutokea ikidumu kuliko inavyopaswa au ikikatishwa kabla ya wakati. Swali la kwanza ndilo lililoeleza kwa nini simu ilikuwa kwenye droo ya keshia. La pili lilionyesha kwamba mtu mmoja alikuwa na funguo zote mbili. La nne liliibua jambo ambalo hakuna aliyekuwa akilitazama: karani aliyeacha kazi mwezi Machi alikuwa bado na mamlaka kamili kwenye programu mwezi Agosti.

Kutokana na uchambuzi huo yaliandikwa mahitaji thelathini na moja. Nitalinukuu moja tu, hitaji namba 14, kwa sababu linaonyesha ubora wa kazi: "Muamala wowote unaozidi shilingi 2,000,000 hautakamilika bila watu wawili tofauti waliopo kazini, hata umeme ukiwa umekatika, hata meneja akiwa safarini." Maneno yale baada ya mkato wa kwanza ndiyo niliyoyalipia. Sera yetu ya zamani ilikuwa na nusu ya kwanza tu ya sentensi, na nusu hiyo ilikuwa kweli siku za jua peke yake. Suluhisho lenyewe halikuhitaji kifaa kipya: afisa mikopo alipewa mamlaka ya idhini ya pili hadi shilingi 5,000,000, kila mwenye mamlaka akapewa namba yake kwenye simu yake, na kinachozidi hapo kinasubiri meneja arudi, jambo ambalo wanachama walilikubali kwenye kikao kwa sababu walielezwa sababu.

Mahitaji yote yaliingizwa kwenye jedwali la ufuatiliaji, na hili ndilo zao ambalo ningelinunua hata kama mengine yote yangekosekana. Safu ya kwanza ni hasara, ya pili ni hali ya hatari inayoweza kuileta, ya tatu ni hitaji, ya nne ni kifaa au utaratibu unaolitimiza, ya tano ni jaribio litakalothibitisha. Ukianzia kulia unaweza kukiuliza kifaa chochote kwa nini kipo. Tulipofanya hivyo, kamera nne kati ya zile nane hazikuwa na mstari hata mmoja unaozihusu. Mbili tulizihamishia juu ya meza ya keshia na chumba cha seva siku iyo hiyo. Ukianzia kushoto, unaona hasara zilizokosa mlinzi. Ile ya mlinzi wa usiku haikuwa na kitu chochote upande wa kulia, na ikajibiwa kwa pazia la mbao kati ya dirisha na ukumbi, pamoja na agizo kwamba kiasi cha fedha hakitatajwa kwa sauti. Seremala wa hapa hapa mjini alitutengenezea pazia hilo kwa shilingi 180,000.

Upimaji wa njia mbadala nao ulifanywa kwa uangalifu. Mjumbe mmoja wa bodi alitaka sana mashine ya alama za vidole. Wahandisi hawakumbishia kwa maneno. Waliazima moja, wakaijaribu kwa wanachama waliokuja siku ya soko. Wachuma chai na wanaopalilia kwa jembe mwaka mzima, vidole vyao vimesuguliwa hadi mistari ikafifia, na wengi wao mashine iliwakataa mara mbili au tatu. Jerome Saltzer na Michael Schroeder, katika kanuni zao nane za mwaka 1975 za kulinda taarifa kwenye kompyuta, waliweka wazi kwamba kinga lazima iwe rahisi kwa mtumiaji, ili aitumie ipasavyo kwa mazoea. Hii isingekuwa rahisi, na ingekwepwa kwa njia nyepesi kabisa, yaani keshia angeweka kidole chake mwenyewe. Tukabaki na kitambulisho na picha inayotokea kwenye skrini.

Sasa niseme kuhusu siku ya majaribio, kwa sababu ndiyo iliyonishawishi kwamba fedha ya chama haikupotea. Jumanne moja alasiri, huku wanachama kama kumi wakiwa ukumbini na taarifa ikiwa imetolewa kwa meneja peke yake, mhandisi kiongozi alizima swichi kuu. Betri ya akiba ya seva ilishika, kompyuta mbili zikaendelea, hayo yote yalikwenda kama yalivyochorwa. Utaratibu wa kulitimiza hitaji namba 14 ulisema kwamba umeme ukizidi nusu saa bila kurudi, kazi itahamia kwenye daftari la dharura lenye kurasa zilizopigwa namba, linalotiwa saini na watu wawili. Nusu saa ikapita. Mama keshia akainuka kwenda kulichukua daftari, akasimama katikati ya chumba. Daftari lilikuwa ndani ya kabati la meneja, kabati lilikuwa limefungwa, na ufunguo ulikuwa kwenye shada la funguo za meneja ambaye kwa mujibu wa igizo hilo alikuwa safarini. Karatasi zote zilikuwa sahihi, jedwali lilikuwa limejaa, na bado mfumo ulisimama kwa sababu ya kufuli moja. Walilisajili jaribio hilo kuwa limeshindwa, wakaandika sababu, daftari likahamishiwa kwenye sefu ndogo ya kaunta inayofunguliwa kwa funguo mbili, na Alhamisi wakazima umeme tena. Mara hii wanachama saba walihudumiwa kwa daftari, na jioni miamala yote saba iliingizwa kwenye programu bila tofauti ya hata shilingi.

Kuna mambo ambayo hayakuniridhisha. La kwanza na kubwa ni lugha. Ripoti ya mwisho ina kurasa 112, zote kwa Kiingereza, wakati wanaopaswa kuitekeleza ni keshia, mlinzi, afisa mikopo na bodi inayojadili kila kitu kwa Kiswahili, na nje ya kikao kwa Kinyakyusa. Vikao vyote vilifanyika kwa Kiswahili fasaha kabisa, kwa hiyo haikuwa shida ya uwezo, ilikuwa ni mazoea. Mimi nilitumia majuma mawili ya jioni kutafsiri jedwali na taratibu, na katika kutafsiri nikagundua mahitaji mawili ambayo yalikuwa na utata hata kwa Kiingereza. Usanifu usiosomeka na mwendeshaji wake una kasoro ile ile waliyoikuta kwenye simu ya meneja, nami niliwaambia hivyo.

La pili ni sura ya tathmini ya hatari, ambamo kila tishio limepewa alama ya uwezekano kuanzia 1 hadi 5, kisha alama hizo zikazidishwa na alama za athari. Nilipouliza namba 3 ya wizi wa ndani ilitoka wapi, jibu lilikuwa kwamba ni makadirio ya timu. Sisi hatuna kumbukumbu za matukio za kutosha kuzaa namba kama hizo, na kuzizidisha hakuzifanyi ziwe za kweli zaidi. Sehemu nyingine za kazi zilijengwa juu ya yale yaliyoonekana kwa macho. Hii ilionekana kuwekwa kwa sababu ripoti za aina hiyo huwa nayo.

Michoro ilikabidhiwa kwenye faili za programu ambayo sisi hatuna, ikabidi tuombe tena nakala za kawaida. Kinga ya radi waliishughulikia vizuri na kwa haraka, kwa kuchimba upya waya wa ardhini. Lakini bei ya wiki sita haikujumuisha mapitio ya mwaka unaofuata, na kiwango cha 15288 wanachokifuata kinahesabu uendeshaji na matengenezo kuwa hatua kamili za maisha ya mfumo. Chama kinachotaka huduma hii kiweke mapitio hayo kwenye mkataba kabla ya kusaini, pamoja na kipengele kwamba kila hati itolewe kwa Kiswahili na kila jaribio lifanywe mbele ya watumishi wenyewe.

Kwa chama chenye kompyuta moja na wanachama arobaini, gharama hii ni kubwa mno, na wiki ya kwanza peke yake, ile ya kuorodhesha hasara pamoja na mlinzi na wanachama, inaweza kufanywa na kamati ya usimamizi kwa gharama ya chai na chapati. Kwa chama chenye matawi, chenye mikopo inayopita mikono mingi, na chenye fedha za parachichi au kahawa zinazoingia kwa wingi ndani ya miezi michache, ningeipendekeza bila kusita, na ningeipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano inasubiri ripoti ya Kiswahili, ambayo malipo ya mwisho ya shilingi 1,900,000 yameshikiliwa hadi itakapofika. Bodi imeidhinisha jaribio lingine la kuzima umeme kabla ya mvua za masika, na safari hii aliyepewa kazi ya kuishika swichi, bila kumwambia yeyote siku, ni mlinzi.